Uvira–Kalemie: kabla ya kununua motere kubwa, nunua motere ya pili

Mvua ikiharibu barabara ya taifa nambari 5, watu wa Uvira, Fizi na Kalemie hawana mjadala mrefu: wanashuka ziwani. Mchele, simenti, mafuta ya mawese, magodoro, wanafunzi wanaorudi shule, mama anayempeleka mtoto hospitali, wote wanaingia katika boti moja ya mbao. Kati ya bandari ya Kalundu na Kalemie kuna karibu kilometa 300 za maji. Kutoka Kalemie mpaka Moba, ongeza zaidi ya 120. Hizi si safari za kuvuka mto. Ziwa Tanganyika lina urefu unaopita kilometa 670, na katika sehemu zake za chini kabisa kina hukaribia mita 1,470.

Hata hivyo, wenye boti wanapokaa kuzungumza juu ya chombo kipya, swali la kwanza karibu kila mara ni nguvu za motere. Farasi 40 au 60? Nani anafika mbele ya nani? Swali hilo si baya, lakini limewekwa mahali pasipofaa. Kwa njia ndefu kama hii, kinachotakiwa kuulizwa kwanza ni kile kitakachotokea motere ikizima saa nane za usiku upande wa nje wa Ubwari, upepo ukiwa umeanza kuvuma. Mwenye boti asiye na jibu hapo bado hajachagua motere, hata kama ameshailipia.

Wasafiri wengi wanadhani boti isiyo na motere inasimama tu na kungoja. Haisimami. Mara nguvu inapokatika, boti inageuka na kulalia wimbi kwa ubavu. Mizigo ambayo haikufungwa inasogea upande mmoja, watu kwa woga wanaifuata, na maji yanaanza kuingia juu ya ukingo. Kutupa nanga hakusaidii, kwa sababu katika sehemu nyingi za ziwa hili, hatua chache tu kutoka mwambao, chini kunakimbia kwenda mamia ya mita, na hakuna boti inayobeba kamba ya urefu huo. Boti inaokolewa na kitu kimoja: kuelekeza pua yake kwenye wimbi. Kwa kazi hiyo, hata motere ndogo ya farasi 15 inatosha.

Ndiyo maana motere ya pili si anasa. Mwenye pesa za motere moja ya 60 angefanya vema zaidi kununua moja ya 40 na nyingine ya 15, zote za kiwanda kimoja ikiwezekana, ili fundi awe mmoja na funguo ziwe zile zile. Ya 15 haitamfikisha Kalemie kwa haraka. Itamfikisha Kazimia au Yungu akiwa na watu wote aliotoka nao.

Lakini hata wale walio na motere mbili mara nyingi hukosea jambo moja: zote mbili zinanyonya bidoni moja. Motere nyingi zinazozima ziwani hazina ugonjwa wowote; zimenyweshwa maji. Esansi ya makadafi hupita mikono mingi kabla ya kufika bandarini, na bidoni iliyolala nje wakati wa mvua huingiza maji kidogo kidogo. Maji hayo yakiizima motere ya kwanza, yataizima na ya pili pia. Motere ya pili iwe na bidoni yake, mpira wake na filta yake, na esansi yake iwe imenunuliwa na kuchujwa kando. Filta ile yenye kikombe cha kuonyesha maji ni kitu kidogo sana ukilinganisha na bei ya motere, lakini ni boti chache zilizo nayo.

Hesabu ya mafuta nayo inafanywa kwa mazoea kuliko kwa kalamu. Mafundi wana kipimo kinachojulikana: motere ya esansi ya kuchanganya na oili hula karibu nusu lita kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa moja; motere ya esansi isiyochanganywa hula kama theluthi ya lita; motere ya mazutu hula kama robo, au chini yake kidogo. Chukua boti iliyojaa inayokwenda kilometa 12 kwa saa. Safari ya kilometa 300 itaipa saa 25. Ikiwa inatumia nguvu za farasi 30 muda wote, motere ya kuchanganya itamaliza lita 375 hivi, ile isiyochanganywa lita 250, na ya mazutu lita 175. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni bidoni kumi za lita 20, kwa kwenda tu.

Tena hiyo ni hesabu ya ziwa tulivu. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na boti inayotoka Uvira kuelekea kusini inaupokea usoni. Saa 25 zinaweza kuwa 32 bila mtu kufanya kosa. Ndiyo sababu mabaharia wenye busara huongeza theluthi ya mafuta juu ya hesabu yao. Kwa motere ya kuchanganya, hiyo inafikisha lita 500: bidoni 25, kilo 370, yaani zaidi ya mifuko saba ya simenti, na lita 10 za oili ikiwa mchanganyiko ni lita moja kwa lita 50. Uzito huo unachukua nafasi ya muzigo unaolipa, na hapo ndipo tamaa inapoanza. Mwenye boti anaacha bidoni tano ufukweni ili apakie magunia matano, akiamini atanunua esansi njiani. Huko njiani, bei inapangwa na yule anayejua kwamba boti imekwama.

Kuhusu mbio, kuna jambo ambalo wauzaji wa motere hawapendi kulieleza. Boti nzito ya mbao hairuki juu ya maji kama boti ndogo za doria. Inalima maji. Ikienda, inajitengenezea wimbi mbele na jingine nyuma, na ikifika kasi fulani inakuwa kama inayopanda mlima ulioujenga yenyewe. Kwa boti yenye urefu wa mita 15 majini, mlima huo unaanza kuwa mkali karibu na kilometa 17 kwa saa. Ukiifunga motere yenye nguvu mara mbili, hutapata mbio mara mbili. Utapata kilometa mbili au tatu zaidi kwa saa, mafuta yatakwenda karibu mara mbili, na mbao za nyuma zitatikisika mpaka misumari ilegee. Kijana anayejisifu kwamba boti yake imeipita nyingine mbele ya Makobola amelipa bei kubwa kwa sifa hizo, na wasafiri wake pia wamelipa.

Mara nyingi pesa zinazotaka kwenda kwenye motere kubwa zingefanya kazi nzuri zaidi kwenye elisi. Elisi iliyokuja na motere kutoka dukani imetengenezwa kwa boti nyepesi. Boti yenye muzigo inahitaji elisi pana, yenye mapanga yasiyoinama sana, inayosukuma maji mengi polepole. Dalili ya elisi isiyofaa inasikika kwa masikio: motere inalia nzito, imefunguliwa mpaka mwisho, na bado haifiki mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake. Motere ya namna hiyo inajiua. Itaungua pistoni kabla ya mwaka kwisha, na mwenyewe atasema ilikuwa ya bandia. Pengine ni kweli ilikuwa ya bandia, maana za bandia zipo sokoni. Lakini elisi haikuulizwa.

Tangu maji ya ziwa yapande katika miaka hii, hasa 2021 na 2024, elisi imepata adui mwingine. Kuta za nyumba, miti na nguzo zilizokuwa nchi kavu sasa zimefunikwa na maji karibu na mwambao wa Uvira, Baraka na Kalemie. Boti inayokaribia kushusha watu usiku inaweza kupiga elisi juu ya ukuta wa jikoni ya mtu. Elisi ya pili na pini zake ndani ya boti ni lazima, pamoja na mtu anayejua kuzibadilisha gizani.

Je, mazutu si dawa ya yote haya? Kwa boti kubwa za muzigo, zile zinazopita mita 15 na zinazokwenda polepole kwa siku mbili, motere ya mazutu ya ndani ndiyo chaguo bora, na ingefaa wenye boti waache kuiona kama kitu cha zamani. Hata meli Liemba ya upande wa Tanzania, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuanza kwa mvuke, iliwekewa motere za mazutu katika miaka ya 1970 na ikaendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Mazutu inakula kidogo. Haishiki moto kwa urahisi kama esansi, jambo zito katika boti ambamo mtu anapika juu ya mbabula hatua tatu kutoka kwenye bidoni. Na kuna faida nyingine ambayo haiandikwi katika karatasi ya dukani: zile motere za Kichina za silinda moja ni ndugu wa motere zinazosaga muhogo katika vijiji vyetu. Fundi wa kinu anazijua kama mkono wake. Motere ya kisasa yenye kompyuta ndani yake, ikizima Talama, itamngoja mtu wa kutoka Bujumbura au Kigoma.

Lakini mazutu ina masharti yake. Motere ni nzito, na shimo ambamo chuma cha elisi kinatoka nje ya boti lisipofungwa vizuri linaingiza maji usiku kucha. Pia haiinuliwi. Sehemu nyingi za Fizi hazina gati. Boti inapanda mchangani na watu wanashuka wakilowa mpaka magotini. Motere ya nje unaiinua. Elisi ya ndani inabaki chini kupiga mawe. Halafu kuna wezi. Wavuvi wengi wa ziwa hili wameporwa motere zao, na mwenye motere ya nje hulala kwa amani kidogo kwa sababu anaweza kuifungua jioni na kuibeba mpaka nyumbani. Kwa hiyo boti ya wasafiri inayosimama kila kijiji ina sababu ya kubaki na motere za nje. Boti ya simenti inayotoka Kabimba haina sababu hiyo.

Wapo pia wanaoulizia motere za umeme wa jua. Kwa kuvua karibu na mwambao, labda. Kwa Kalemie, hesabu inakataa: kusukuma boti kwa nguvu za farasi 30 kwa saa 25 kunataka kilowati-saa 550 hivi, wakati batri ya kawaida ya 12 volti na 100 ampea inashika kama 1.2. Hata kuzipanga tu hizo batri zaidi ya 450 kutaizamisha boti. Sahani moja ya sola na batri moja, kwa taa na kwa kuchaji simu na redio, hiyo ndiyo kazi yake humu.

Na taa zinahitajika kweli. Usiku usio na mwezi, wavuvi wa ndagala wanajaa ziwani na taa zao, na boti ya wasafiri inayopita gizani bila taa ni kama lori lisilo na macho. Nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe juu: sheria hiyo ni ya dunia nzima na vifaa vyake ni bei ndogo. Faida yake haiko kwa wasafiri peke yao. Mvuvi aliyetandika nyavu anaona chombo kinakuja na anatoa ishara, na nyavu hazizungukwi na elisi. Nyavu zikiingia kwenye elisi, mvuvi amepoteza chakula cha watoto wake na boti imepoteza motere.

Juu ya jile, maneno mengi yameshasemwa kila kunapotokea msiba. Desemba 2014, boti Mutambala ilizama katika ziwa hili na maiti 129 zikahesabiwa. Viongozi walitaja muzigo kupita kiasi na upepo mkali. Oktoba 3, 2024, katika Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa ufukweni wakiitazama. Hakuna motere ya aina yoyote ingeziokoa boti zilizojazwa hivyo. Ila kuna uhusiano kati ya mambo haya mawili ambao hausemwi: mwenye boti aliyenunua motere kubwa kwa deni anajaza kupita kiasi kwa sababu anadaiwa. Nguvu za ziada humfanya aamini kwamba boti inaweza kubeba zaidi, kumbe kinachobeba ni mbao, na mbao hazikuongezeka. Mstari mmoja wa rangi ubavuni, unaoonekana na kila msafiri, ungesema ukweli kuliko kibali chochote chenye mihuri.

Jile zenyewe, kama zipo, mara nyingi zimefungwa kwa kamba chini ya magunia ili zisiibiwe. Hapo zinalindwa vizuri mpaka siku ya kuzama. Bei ya jile ya kila kiti, pamoja na chache za watoto, iwekwe katika bei ya boti tangu siku ya kuagiza mbao, na isingoje faida ya safari ya kwanza. Kwa boti ya watu 40, jile 45 zinagharimu chini ya motere ndogo. Mwenye pesa za motere tu hajapata bado pesa za boti.

Redio ni jambo la wengi, si la mmoja. Simu hupoteza mtandao katika sehemu ndefu za mwambao, na redio ya VHF inayotumika majini inasikika kilometa kumi mpaka ishirini kutoka boti ndogo, zaidi kidogo kama antena iko juu. Lakini redio inayoita bila mtu wa kusikiliza ni pambo. Mashirika ya wenye boti ya Uvira, Baraka na Kalemie yangeweza kukubaliana juu ya kitu kimoja kabla ya mkutano mwingine wa kupandisha bei ya tiketi: redio moja nchi kavu katika kila bandari kubwa, iliyowashwa kwenye chaneli 16, na mtu anayelipwa kukaa karibu nayo usiku. Wakati hilo halijafanyika, simu yenye ramani iliyopakuliwa, busola ya kweli, tochi yenye nguvu na filimbi zinabaki kuwa za lazima, pamoja na kipande kizuri cha bashi na kamba ya mita 50. Bashi hiyo ikifungwa kama mfuko na kutupwa mbele, inashika maji na kuivuta pua ya boti kwenye wimbi wakati motere zote zimekufa. Wazee wanajua hila hiyo. Vijana wengi wanaoshika usukani leo hawajaiona ikifanywa.

Katika mfuko wa vyombo, buji, kamba ya kuwashia, filta na kile kipande cha mpira kilicho ndani ya pampu ya maji havina nafasi ya kukosekana. Motere ya nje isipokojoa maji, inaungua kwa dakika chache, na mfuko mmoja wa plastiki unatosha kuiziba.

Saa 25 maana yake ni kwamba hakuna boti ya kawaida inayoweza kutoka Uvira na kufika Kalemie bila kusafiri usiku, isipokuwa ikilala njiani. Serikali imekataza mara nyingi safari za usiku katika maziwa na mito, na boti zimeendelea kutembea usiku, kwa sababu ratiba imejengwa kwa tamaa ya kufika kwa siku moja. Kulala Baraka au Kazimia kunaongeza siku na gharama ya chakula. Pia kunampa fundi mwanga wa kuangalia motere yake, na kunampa kapitene asubuhi ya kusoma mawingu kabla ya kuamua.

Wakaguzi wa bandari wanauliza makaratasi, wanahesabu ushuru, na boti inafunguliwa. Kuna kipimo kisichotaka mtambo wala mtaalamu, ambacho kingechukua dakika tano: kabla kamba haijafunguliwa, kapitene awashe motere ya pili mbele ya watu wote, kwa bidoni yake yenyewe, na aiache ilie mpaka maji yatoke nyuma. Ikikataa kuwaka Kalundu, wasafiri wateremke na warudishiwe pesa zao.